Baiskeli za Jumamosi kwenye mvua: Nani wa kusema "turudi"?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya masika, Mji Mwema, Kigamboni. Mvua ya rasharasha imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika. Kijana wa miaka 12 ameshatoa baiskeli barazani, ameshabonyeza matairi kwa kidole gumba kuona kama yana upepo, na sasa amesimama mlangoni akisubiri neno la mama yake.

"Mama, wenzangu wote wanaenda. Hata baba wa hapo jirani anaenda."

"Na mvua yote hii? Unataka uniletee nimonia humu ndani?"

Kikundi chenyewe si kikubwa. Ni watoto saba na baba wawili wa mtaani, ambao kila Jumamosi huendesha kuelekea Gezaulole na kurudi. Wakati wa kiangazi hakuna mzazi anayehoji. Mvua zikianza, kila nyumba inakuwa na kikao chake mlangoni.

Mama huyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ila jambo la kwanza alilolitaja ndilo la kuogopwa kidogo kuliko yote.

Nimonia husababishwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na wakati mwingine fangasi, wanaoingia kwenye mapafu. Mtoto huwapata zaidi kutoka kwa mtu anayekohoa au kupiga chafya karibu yake kuliko kutoka angani. Ni kweli mafua na vikohozi huonekana vingi msimu wa mvua, na sababu mojawapo ni kwamba watu wanajifungia ndani, madirisha yamefungwa, wanavuta hewa ileile. Mtoto aliyeko barabarani na wenzake, kila mmoja mita kadhaa kutoka kwa mwingine, yuko mahali pazuri zaidi kwa upande huo kuliko aliyebanwa sebuleni na mjomba mwenye kifua.

Baridi nayo ni suala, lakini inategemea mahali. Dar es Salaam, mtoto anayekanyaga pedali anajitengenezea joto lake mwenyewe. Tatizo huanza anaposimama na nguo mbichi mwilini. Njombe, Mbeya au Lushoto ni habari nyingine. Huko mvua na upepo vinaweza kumfanya mtoto atetemeke na vidole vife ganzi hadi ashindwe kubana breki, na hapo safari imekwisha. Mwenye pumu anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu hewa ya baridi pamoja na mazoezi huweza kumbana kifua. Dawa yake ya kuvuta isibaki nyumbani, na mtu mzima kwenye msafara ajue iko mfuko gani.

Baada ya hapo, mvua hafifu ina raha yake, na wazazi wengi wamesahau kwamba nao waliwahi kuijua. Jua kali la Februari halipo. Vumbi limetulia, udongo unanukia, maji yanampiga mtoto usoni naye anacheka bila sababu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kuuchangamsha mwili. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Mtoto akifungiwa ndani kila wingu linapotanda, miezi hiyo huishia kwenye simu na televisheni.

Kwa hiyo cha kuangaliwa kwanza ni baiskeli yenyewe, na hasa breki. Baiskeli nyingi za mitaani zina ringi za chuma zinazong'aa, na raba ya breki ikikutana na chuma kilicholowa huteleza tu. Gurudumu hulazimika kuzunguka mara kadhaa raba ikifuta maji ndipo breki ianze kushika. Mtoto aliyezoea kusimama hatua tatu kutoka kwenye kona atajikuta ameingia katikati ya barabara. Dawa yake ni kuanza kubana mapema na taratibu, breki zote mbili, wakati baiskeli bado iko kwenye mstari ulionyooka na kabla ya kukata kona. Hilo lisifundishwe barabarani. Lijaribiwe uwanjani, ringi zikiwa zimemwagiwa ndoo ya maji, mpaka mtoto mwenyewe aone tofauti.

Dakika za mwanzo za mvua baada ya siku kadhaa za ukavu zina utelezi wake, kwa sababu maji huchanganyika na oili na vumbi vilivyokuwa kwenye lami. Michoro myeupe ya barabarani na mifuniko ya chuma huteleza kuliko lami yenyewe. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya lami, hapo kuna oili au dizeli.

Mavazi nayo yana ajali zake. Kandambili huchomoka kwenye pedali iliyolowa. Pindo la dera au koti refu la mvua huingia kwenye spoku. Kofia ya koti huziba macho kwa pembeni, na bodaboda huja kwa pembeni. Mwamvuli mkono mmoja, usukani mkono mwingine, ni picha inayoonekana kila siku na haifai hata kwa mtu mzima. Nguo ya rangi kali na taa nyekundu ya nyuma, hata kama ni mchana, ni muhimu, kwani dereva mwenye kioo kilicholoa haoni mbali.

Kisha kuna madigadi. Watoto wengi huyang'oa ili baiskeli ionekane ya kisasa, na mafundi huwasaidia. Bila madigadi, gurudumu la mbele humrushia mwendeshaji maji ya barabarani usoni na kwenye mdomo wa chupa yake ya maji, na la nyuma humwagia usoni anayemfuata. Maji hayo yamepita kwenye mitaro, kwenye taka na wakati mwingine kwenye vyoo vilivyofurika. Mtoto akishika kiu anafungua chupa na kunywa vyote pamoja. Chupa yenye mfuniko unaofunika pale pa kunywea, au iliyowekwa ndani ya begi, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo la matumbo, bila kutaja kipindupindu pale kinapokuwepo.

Michubuko nayo isidharauliwe. Leptospirosisi, ambayo Watanzania wengi waliijua kwa jina la homa ya Mgunda baada ya Serikali kutangaza mlipuko wake mkoani Lindi Julai 2022, ukiwa na wagonjwa 20 na vifo vitatu wakati huo, huenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya. Vimelea hukaa kwenye maji na matope na kuingia mwilini kupitia kidonda, macho, pua au mdomo. Dalili huweza kuchukua wiki moja, mbili au hata zaidi kujitokeza: homa, kichwa kuuma, maumivu makali ya misuli hasa ya miguu, macho kuwa mekundu. Hufanana na malaria. Inatibika kwa antibayotiki, hivyo mzazi akifika kituo cha afya amwambie mhudumu kwamba mtoto aliingia kwenye maji ya mafuriko, hata kama ilikuwa wiki mbili zilizopita. Kidonda kibichi kifunikwe kabla ya safari, na kipya kioshwe kwa maji safi na sabuni mara moja.

Hiyo ni sababu moja ya kutopita kwenye maji yaliyosimama. Nyingine ni kwamba hakuna ajuaye kilicho chini yake, kama ni shimo, jiwe, au mtaro ulioibwa mfuniko. Maji yanayotembea ni hatari zaidi. Yakifika sentimita 15 tu, chini ya nusu ya mguu wa mtu mzima kufika gotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Maji yakivuka barabara, watoto wanageuza baiskeli, hata kama nyumba inaonekana ng'ambo.

Radi ina hesabu yake. Mwanga ukionekana, anza kuhesabu sekunde. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, safari isimame na kila mtu aingie ndani ya jengo lenye kuta. Chini ya mwembe hapafai, banda la makuti halifai, na baraza lililo wazi halifai. Baiskeli ziachwe nje. Kuondoka ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena, hesabu inaanza upya.

Yote haya watoto wakiambiwa wanayashika. Kinachowashinda ni kundi. Mtoto akiwa peke yake akaona maji mengi mbele, hurudi nyumbani bila kufikiri mara mbili. Wakiwa saba, kila mmoja anamtazama mwenzake, hakuna anayetaka kuitwa mwoga, na wa kwanza akishaingia kwenye maji wengine hufuata. Baba wawili nao wana aibu yao. Hakuna anayetaka kuonekana mbele ya mwenzake kuwa ndiye aliyekatisha safari ya watoto.

Ndiyo maana maswali ya mzazi pale mlangoni yahusu zaidi watu kuliko mawingu. Nani yuko mbele, na je, anakwenda kwa mwendo wa mtoto wa mwisho? Nani yuko nyuma kabisa? Wanaendesha kwa mstari mmoja, nafasi kati yao ikiwa mara mbili ya ile ya siku kavu? Wamesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA)? Na kubwa zaidi, nani ana ruhusa ya kusema "turudi"? Jibu zuri ni kwamba yeyote, hata aliye mdogo kuliko wote, akisema mara moja, baiskeli zinageuka, na hakuna mjadala wala utani mpaka nyumbani.

Kule Mji Mwema, mama alimuuliza mwanawe swali hilo. Kijana hakuwa na jibu. Ikabidi baba wa jirani aitwe, akafika na koti lake la mvua, akasikiliza, akakiri kwamba hawakuwahi kupanga. Waliliweka sawa palepale barazani mbele ya watoto wote, na haki hiyo ikaanzia kwa msichana wa miaka tisa, mdogo wao kuliko wote. Mama akaongeza masharti mawili yake: madigadi yarudishwe kabla ya Jumamosi ijayo, na akirudi aoge na kubadili nguo kwanza, cheni ya baiskeli itapakwa oili baadaye.

Saa mbili na nusu ngurumo zilisikika upande wa baharini. Mama alipiga simu. Baba wa jirani akapokea, nyuma yake kelele za watoto na sufuria.

"Tuko ndani ya hoteli ya chai, mama, usiwe na wasiwasi. Yule mdogo ndiye alisema. Tunakula mihogo. Dakika ya 18 sasa, anatuhesabia yeye."