Niliwasha Taa, Mbona Alinigonga?

Katika wodi ya majeruhi kuna maneno ambayo sisi wauguzi tumeyazoea: "Lakini niliwasha taa." Desemba moja aliyasema dereva aliyetuletea kijana wa bodaboda, yeye mwenyewe ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa anakunja kulia kuingia barabara ya mlimani, kijana akamjia kwa nyuma upande huohuo wa kulia, wakakutana. Kijana alipopata nafuu ya kusema alituambia, "Taa niliiona. Nikatazama mbele, hakuna gari. Halafu akasogea kushoto, nikajua ananipa njia." Nadhani wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana naandika habari za kukata kona katika ukurasa wa afya.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hupita chini ya Milima ya Upare, upande wa magharibi. Basi anayerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, kama anakwenda Vunta hukunja Hedaru, kama ni Suji hukunja Makanya, kama ni Kisiwani au Gonja hukunja Same, na kama ni Usangi hukunja Mwanga. Kote huko hukunja kulia. Nasi kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, kukunja kulia ni kukatiza njia ya wanaotoka mbele. Wakati wa Krismasi kona hizo hukatwa na watu waliochoka kwa safari ya kutwa, na wengine hawajafika huku tangu mwaka uliopita.

Sasa ile taa. Madereva wa malori wa safari ndefu wamejiwekea lugha yao. Lori likiwasha taa ya kulia, linamwambia aliye nyuma, "Usinipite, kuna gari linakuja." Likiwasha ya kushoto, "Pita, mbele kweupe." Lugha hii haimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini anayesafiri njia ya Chalinze hadi Himo anaijua. Imesaidia wengi, sikatai. Ila imeifanya taa iwe na maana mbili. Aliye nyuma akiiona ya kulia huchungulia mbele, na asipoona gari husema moyoni kwamba dereva ameisahau.

Kwa hiyo taa peke yake haitoshi. Kinachosema wazi ni mahali gari lilipo barabarani. Yule dereva, kabla ya kukunja kulia, alijitanua kwanza kushoto ili apate kona pana, kama waendeshavyo wenye malori marefu. Gari lake lilikuwa dogo, hakuwa na haja hiyo. Taa ikasema kulia, gari likasema kushoto, na mwenye pikipiki akaliamini gari. Wewe ungeamini nini?

Anayekunja kulia atazame kioo, awashe taa mapema, apunguze mwendo polepole, kisha asogee hadi karibu na mstari wa kati bila kuuvuka. Hapo aliye nyuma hana tena nafasi ya kukupita kulia, na pakiwa na upana atapita kushoto kwako. Ukisubiri wanaotoka mbele, acha magurudumu yakiwa yamenyooka. Watu wengi huyakunja mapema, na gari likisukumwa kwa nyuma huenda moja kwa moja mbele ya basi linalokuja. Njia ikiwa wazi, fika kwanza mkabala na mdomo wa barabara unayoiingia ndipo ukunje, uingie upande wake wa kushoto. Wanaokata kona kwa mkato huvamia upande wa anayetoka mlimani, na pale mdomoni mara nyingi pamesimama pikipiki yenye magunia ya tangawizi, au mama na mtoto mgongoni.

Anayekunja kushoto abane kushoto mapema, atazame kioo cha kushoto mara ya pili. Bodaboda hujipenyeza hata pale usipodhani mtu anaweza kupita.

Na kama nyuma yako kuna basi linakuja kwa kasi, na pale hapana njia ya pekee ya kusubiria? Mimi sikunji. Hutoa ishara ya kushoto, nikatoka nje ya lami kabisa, nikasimama hadi pande zote mbili ziwe tupu, ndipo nivuke. Kaka yangu hunicheka kwamba naendesha kama mtawa. Acha acheke.

Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba hapa Same, mabasi mawili yaligongana yakawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Nchi nzima ilisikia. Ajali za njia panda huvunja mtu mmoja mmoja, wala hazitangazwi redioni, lakini sisi ndio tunaozifunga bandeji. Pikipiki inapoupita upande wa kulia wa gari linalokunja, mguu wa kushoto wa dereva wake hubanwa katikati. Mfupa wa muundi kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama, kwa hiyo ukivunjika hutokeza nje kwa urahisi na kuingiwa na uchafu wa barabarani. Usaha ukishafika ndani ya mfupa, kutibu ni kazi ya miezi, na wengine tunawapeleka KCMC Moshi, mwendo wa kilometa mia moja hivi, wakilia katika kila tuta.

Yule kijana hakukatwa mguu. Nilimwona kliniki mwaka uliofuata, bado anatembelea gongo moja. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na marejesho analipa mama yake, anayeuza ndizi gulioni.