Kosa la mtambo laweza kuwa mali, lakini si kila kosa

Kibandiko cha ndizi, cha aina ambayo mnunuzi hukibandua na kukitupa, kiliigeuza noti ya dola 20 kuwa mali ya dola 396,000 katika mnada uliofanyika Marekani mnamo Januari 2021. Kwa viwango vya wakati huo, hizo zilikuwa zaidi ya Sh43 milioni.

Noti hiyo ya toleo la 1996 ilichapishwa Fort Worth, Texas, na kumfikia mwanafunzi mmoja wa chuo katika jimbo la Ohio kupitia mashine ya kutolea pesa. Aliiuza mtandaoni kwa takriban dola 10,000. Mnamo 2006 iliuzwa tena kwa dola 25,300.

Kilichoipa thamani si kibandiko chenyewe, bali mahali kilipo. Noti hizo zilichapishwa kwa awamu tatu: kwanza upande wa nyuma, kisha wa mbele, na mwishowe mhuri na nambari. Kibandiko hicho cha Del Monte kilinasa baada ya awamu ya pili, hivyo sehemu ya mhuri na nambari ikachapishwa juu yake. Huo ndio ushahidi ambao mtu mwenye ndizi na gundi nyumbani hawezi kuughushi.

Kisa cha Australia ni kinyume. Noti mpya ya dola 50, iliyoanza kutumika Oktoba 2018, ilikuwa na neno la Kiingereza 'responsibility' lililokosa herufi moja. Kosa hilo lilipotangazwa Mei 2019, noti zipatazo milioni 46 zilikuwa na kasoro hiyo. Benki Kuu ya nchi hiyo ilisema zingeendelea kutumika kama kawaida. Kwa kuwa kosa lilikuwa mikononi mwa kila mtu, halikuwa adimu.

Hapo ndipo penye funzo kwa Mkenya anayeshawishiwa kununua noti 'ya ajabu' kwa bei ya kuruka. Noti iliyomwagikiwa wino au kukatwa vibaya baada ya kutoka kiwandani si kosa la uchapishaji, bali ni noti iliyoharibika. Isitoshe, kuiharibu noti kwa makusudi ni hatia kisheria.

Ukuukuu nao si uhaba. Muda wa noti za zamani za Sh1,000 ulipokwisha Septemba 30, 2019, zaidi ya milioni saba hazikuwa zimerejeshwa. Anayeziuza leo kama hazina adimu anauza karatasi tu.

Kabla ya kutoa hela zake, mnunuzi apaswa kujiuliza maswali mawili: je, kosa hili lilitokea mtamboni, na je, ziko ngapi kama hii? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo hafai kupewa hata shilingi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu.