Hawa Watu Wako Wanakula Saa Ngapi?

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dani yangu huko Ndhiwa, Homa Bay. Stima ilikuwa imepotea siku mbili, iliporudi nikachaji laptopu haraka nikafungua Age of Empires II. Najua ni gemu ya kitambo, ilitoka 1999, lakini ndiyo pekee inakubali kwa hii laptopu yangu inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Dani akakaa nyuma yangu akichambua omena. Akaangalia kama dakika kumi. Jeshi langu linachoma kijiji, linavuka mto, linachoma kingine. Kisha akaniuliza, "Nyathina, hawa watu wako wanakula saa ngapi?"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Nimecheza hiyo gemu tangu kidato cha kwanza. Nimeicheza hata ile semesta nilifaa kuwa darasani (na mnajua chuo kiliishaje). Hakuna askari wangu hata mmoja amewahi kula.

Hebu tuangalie hii gemu vizuri. Chakula kipo, tena ndicho kitu cha kwanza unatafuta. Lakini hakiliwi. Chakula ni cha kutengeneza watu. Unatoa chakula 50, unangoja sekunde 25, mtu mzima anatoka mlangoni na nguo zake na ako tayari kukata kuni. Hana mama, hana utoto, hana karo. Akishatoka, hatakula tena mpaka siku ya kufa. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye raia ambaye kila serikali inaota.

Halafu kuna askari wa upanga. Unampeleka kwa ngome ya mawe, anaanza kuipiga na upanga. Jiwe, upanga, jiwe, upanga. Wakiwa wengi, ngome inashika moto na kuanguka. Moto umetoka wapi? Usiulize. Askari mwingine amekatwakatwa mpaka amebakisha pumzi moja tu, lakini anapiga kwa nguvu zilezile kama mtu aliyeamka saa hii. Hajui kuchechemea. Hajui kuogopa pia. Na wale kondoo! Adui akipita karibu, kondoo wako ambao hawana mlinzi wanahamia kwake papo hapo. Hapo lakini sitasema si kweli, kwa sababu nimewaona wanasiasa wetu kabla ya uchaguzi.

Civilization VI nayo ina mambo yake. Mwanzoni mwa mchezo, zamu moja ni miaka 40. Ukimtuma msee kilima cha pili na achukue zamu mbili, hiyo ni miaka 80. Amefika akiwa kijana, rungu mkononi, hata hajatoa jasho. Na nyinyi wa Clash of Clans msijifanye. Kwenu vita ni dakika tatu. Saa ikiisha, jeshi zima linapotea hewani kama mgeni akisikia bili imeletwa. Aliyepigwa vibaya anapewa ngao, hakuna mtu kumgusa kwa masaa kadhaa. Manze, kama dunia ingekuwa na ngao!

Sasa, hapa kwetu vita ya ukweli imewahi kupita. Septemba 1914, vita ya kwanza ya dunia ikiwa na wiki chache tu, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wa Tanzania ya leo, likapita hii Migori yetu, likaingia Kisii. Tarehe 12 Waingereza wakafika, wakapigana mchana kutwa. Giza likaingia, na unajua nani alishinda? Pande zote mbili zilirudi nyuma. Waingereza risasi zilikuwa zinaisha, Wajerumani nao walikuwa wameumia. Kila mtu akaondoka usiku. Weka hiyo kwa gemu uone kama kuna mtu atainunua. Lakini ndivyo watu wa nyama na damu wanapigana. Wanachoka, wanaishiwa, wanaogopa, wanataka kwenda nyumbani.

Na sehemu ambayo gemu haionyeshi kabisa ni nani alikuwa amebeba mizigo. Ile vita ya Afrika Mashariki iliendelea hadi Novemba 1918. Barabara hakuna, ng'ombe na farasi wanauawa na mbung'o, kwa hivyo unga, risasi, hema, hata vipande vya mizinga vilibebwa kwa kichwa. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, na wengi sana walitolewa huku Nyanza. Zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, na chakula kibaya au kukosa chakula kabisa. Ukishuka Kariakor pale Nairobi, au Kariakoo Dar es Salaam, unatamka jina la kile kikosi chao, Carrier Corps, vile lilikaa kwa midomo ya watu wetu.

Babu yake dani alikuwa mmoja wao. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, kuna jina tu ambalo ndugu yangu mdogo alipewa. Kwa hivyo dani alipouliza watu wangu wanakula saa ngapi, hakuwa anafanya mzaha. Kwake vita ndiyo hiyo: watu wamepelekwa mbali na hakuna mtu amepanga watakula nini.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ya Migingo.

Nyote mnaijua. Mwamba mdogo ndani ya ziwa, upande wetu wa Migori, mita za mraba kama 2,000, yaani haufiki hata nusu ya uwanja wa mpira. Kenya na Uganda zimeuvutania tangu miaka ya 2000. Mwaka wa 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Mwaka huohuo, Nairobi, vijana wa Kibera walikasirika wakang'oa kipande cha reli inayoenda Uganda. Kwa gemu hiyo ni akili, umekatia adui njia ya mizigo. Kwa maisha, umeng'oa reli yako mwenyewe, na mizigo iliyokwama ni ya wafanyabiashara wa pande zote.

Kila nikiweka vidio kuhusu Migingo, komenti ni zilezile. "Tupeleke jeshi, asubuhi tumemaliza." "Bomu moja tu." Walioandika wako Rongai na Kasarani, bando iko, chai iko mezani. Hao ni mimi nikiwa na laptopu. Wanaona ramani kutoka juu, rangi nyekundu na rangi ya bluu.

Binamu yangu anavua mbuta kutoka Muhuru Bay. Yeye haoni ramani kutoka juu. Mwaka jana watu wenye bunduki walimchukulia nyavu na injini ya boti, na sitasema ni wa nchi gani maana yeye bado anarudi huko kesho. Amekasirika kuliko mtu yeyote kwa komenti. Lakini nilipomuuliza kama anataka vita, aliniangalia kama mjinga. Aliniambia samaki wa wiki moja bila kuvuliwa ni karo ya watoto wawili. Vita ikianza, wa kwanza kufungiwa ziwa ni yeye. Hakuna mtu atampa ngao ya masaa kadhaa.

Sisemi muache gemu. Mimi mwenyewe leo usiku niko hapo, stima ikikubali. Cheza, choma ngome na upanga, cheka. Haki ya Migingo pia tuidai, kwa sauti. Lakini ukitaka kuandika "tupeleke jeshi" chini ya posti yangu, ongeza na majibu ya dani: nani anabeba unga, nani anapika, na nani anaenda kumwambia mama yake.

Nitasoma zote.