Tuonyeshe Makaburi Kabla ya Bikoni

Ndugu zangu wa Laiser Hill, Kitengela na Kajiado yote, nawaomba jambo moja: kabla mpima ardhi hajasimika bikoni, tumwonyeshe makaburi yalipo.

Zamani Wamaasai hawakumzika kila mtu. Laiboni, yaani viongozi wa kiroho, na wazee wenye heshima kubwa ndio waliorundikiwa mawe, na mpita njia naye akaongeza jiwe lake. Laiser ni ukoo walimotoka laiboni hao. Leo rundo kama hilo likiangukia ndani ya ploti, fundi huona mawe ya msingi tu.

Ukristo ulipoenea, familia nyingi zilianza kuzika kando ya boma. Ardhi ilikuwa ya wote, kisha ikaingia katika ranchi za vikundi chini ya sheria ya 1968. Nani angeandika kaburi liko wapi? Watoto walionyeshwa wakiwa machungani, basi. Ranchi zikaja kugawanywa, ya Kitengela ikiwemo, na ramani zikachora mipaka na barabara. Mwenye shamba akauza ekari, aliyenunua akakata ploti za futi hamsini kwa mia, akauza tena. Siwalaumu wageni. Hatimiliki waliyopewa haisemi lolote kuhusu makaburi. Aliyejua ni muuzaji wa kwanza, naye alinyamaza bei isishuke.

Na hii ni kaunti inayojua uzito wa kaburi. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuatilia kesi ya wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake Wambui alitaka amzike Upper Matasia, hapo karibu na Ngong. Mahakama iliamua azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili mmoja ulisubiri miezi mitano. Sisi tunapoteza maziara ya familia nzima bila hata baraza la chifu. Kule Olorgesailie tunalinda mashoka ya mawe ya watu tusiowajua majina. Babu zetu tunawajua.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makaburi. Tuwabane wawakilishi wa wadi watunge sharti: shamba lisigawanywe kabla wazee na majirani hawajaulizwa, na kaburi likipatikana, libakizwe na njia ya kulifikia. Penye historia kubwa, tupeleke ombi kwa Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya makavazi na urithi ya 2006 inaruhusu mahali hapo pawekwe chini ya ulinzi.

Lakini tusingoje bunge la kaunti. Wewe unayenunua, muulize muuzaji kuhusu makaburi mbele ya mashahidi, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba. Unayeuza, mega kipande hicho kikae kando. Vijana, mna simu: tembeeni na wazee, pigeni picha, hifadhini kila mahali kwenye ramani pamoja na jina la marehemu na la ukoo wake, kisha nakala moja apewe chifu. Tuanze na wazee waliochunga hapa kabla ya ua wa kwanza kujengwa, na tuwaendee mwezi huu.