Ukurasa wa Vijana: Kidole, Kioo na Rangi



Wazazi wengi hutulalamikia ya kuwa simu imewateka watoto wao. Hatuwezi kusema wanasema uongo. Lakini jembe likishikwa vema hulima shamba, na likitupwa njiani humkata mpita njia mguu. Ubaya haumo katika chuma. Juma hili twapenda kuwaonyesha vijana wetu kazi moja njema ambayo simu yaweza kuifanya: kuchora picha kwa kidole, kwa msaada wa programu ya rangi. Mojawapo, ijulikanayo sana, ni ibisPaint, iliyotengenezwa Japani. Toleo lake la bure huonyesha matangazo, lakini kuchora kwenyewe hakuhitaji intaneti.

Mtu asidharau kidole. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole vyake, pasipo brashi. Tena Mwingereza David Hockney alisanifu kwa iPad dirisha la vioo vya rangi la kanisa la Westminster Abbey, London, lililozinduliwa mwaka 2018. Basi kazi iliyoanzia kwenye kioo kidogo imefika katika nyumba ya sala.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Tutachora kadi ya sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, tarehe 29 Juni: mvuvi katika mtumbwi wake asubuhi, juu ya Ziwa Tanganyika.

Kwanza, tazama. Kabla ya kuigusa simu, nenda ukaangalie kitu chenyewe. Picha nyingi zinazosambazwa katika simu huonyesha jua likizama ziwani. Huyo ni mpigapicha aliyesimama upande wa mashariki, kama vile Kigoma. Kwetu, katika Kalemie na Moba, jua huchomoza kutoka ziwani na kuzama nyuma ya milima. Kijana wa Kalemie anayechora jua likizama majini amechora kwa macho ya mtu mwingine.

Pili, tayarisha chombo. Nawa mikono, uikaushe; futa kioo kwa kitambaa laini. Kioo cha simu huhisi kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, ndiyo sababu kijiti kikavu au ukucha haukitambulishi kitu. Kisha chagua ukubwa wa turubai. Kadi ya sentimeta 10 kwa 15, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 katika kila inchi, yataka pikseli 1181 kwa 1772. Ukianza na turubai ndogo mno, siku ya kuchapa kingo zitaonekana kama ngazi. Ukianza na kubwa kupita kiasi, simu dhaifu itachoka.

Tatu, fahamu matabaka. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote. Fikiri karatasi angavu zilizopandana: kila moja ina sehemu yake ya picha, nawe waona zote kwa pamoja. Kwa Kifaransa huitwa « calques », jina lilelile la karatasi ya kunakilia ramani shuleni. Ukikosea mtumbwi, wafuta tabaka la mtumbwi tu. Ziwa lako halikuguswa.

Katika tabaka la kwanza chora rasimu kwa rangi hafifu ya samawati: mstari wa upeo, umbo la mtumbwi, mwili wa mvuvi, nyavu zake. Usihangaikie urembo. Punguza uzito wa tabaka hilo mpaka asilimia 30 hivi, fungua tabaka jipya juu yake, na hapo upitishe mistari safi. Kidole kikitetemeka, ongeza nguvu ya kile kifaa cha programu kinachotuliza mstari. Sogeza picha karibu kwa vidole viwili unapochora uso na mikono. Mistari ikiisha, ficha rasimu.

Nne, weka rangi za msingi. Chini ya tabaka la mistari fungua matabaka manne: la mbingu, la ziwa, la mtumbwi, la mvuvi. Kopo la rangi hujaza eneo zima kwa mguso mmoja, lakini mistari lazima iwe imefungwa. Penye pengo dogo kama tundu la sindano, rangi hutoroka na kufunika turubai yote, kama mbuzi aonapo ua umebomoka. Likitokea hilo, bonyeza mshale wa kurudi nyuma, ziba pengo, jaza tena.

Tano, kivuli na nuru. Jiulize kwanza: nuru yatoka wapi? Katika picha yetu jua liko nyuma ya mvuvi. Basi upande wake unaotutazama sisi umo kivulini, na kingo za mabega na kichwa ndizo zing'aazo. Juu ya tabaka la mvuvi fungua jingine, ulifunge kwa lile la chini ili rangi isivuke umbo lake, na uchague namna ya kuchanganya iitwayo Kuzidisha. Namna hiyo hufanya kazi kama kioo cha rangi kilichowekwa juu ya kingine: hutia giza tu, haiangazi kamwe.

Sasa angalieni sana, maana hapa wengi huharibu. Kwa kivuli cha ngozi yetu msitumie rangi nyeusi tupu. Nyeusi huiua ngozi, ikafanana na mkaa uliozimika. Tazama mkono wa ndugu yako asubuhi: kivulini kuna kahawia inayoelekea zambarau, na juu ya bega kuna samawati kidogo iliyotoka mbinguni. Paka hivyo. Mwisho, katika tabaka jingine lenye namna ya kawaida, pitisha mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu kwenye kingo, na vipande vifupi vya dhahabu hiyohiyo juu ya mawimbi. Nuru ikiwa haba ndipo huonekana. Ukiimwaga kila mahali, hakuna kitu kitakachong'aa.

Sita, pima kazi yako. Programu ina uwezo wa kugeuza picha, kushoto kuwa kulia, kama katika kioo cha kujitazamia. Geuza, nawe utaona mara moja kama mtumbwi umeinama au jicho moja limepanda. Kisha ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu ya barua. Ikiwa mvuvi bado aonekana, picha imesimama.

Saba, hifadhi. Weka kazi kwa namna ya PNG, isiyopoteza kitu. Ukiipeleka kwa mchapaji kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, kwa maana picha hubanwa na kupoteza ubora. Tena fahamu ya kuwa samawati na kijani kali za kwenye kioo hufifia kidogo katika karatasi. Omba nakala moja ya kujaribia kabla ya kuchapisha mia.

Yabaki maneno mawili yasiyo ya ufundi. La kwanza ni la uaminifu. Kuchukua picha ya mwenzako, kufuta jina lake na kuandika lako ni wizi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya kuku na baiskeli tu. Na siku hizi ziko programu zinazotoa picha nzima kwa kuambiwa maneno machache. Anayeileta kwa mwalimu na kusema « nimechora » amesema uongo. Na kwa kuwa mkono wake haukufanya kazi, mkono huo haukujifunza.

La pili ni la nyumbani. Mara nyingi simu ni moja, nayo ni ya baba au mama. Kijana aombe ruhusa, atumie nusu saa, airudishe ikiwa na umeme wa kutosha kwa mzazi kupiga simu. Wazazi nao wakae karibu, waulize: « Mwanangu, nuru hii yatoka wapi? » Mtoto anayeulizwa swali kama hilo hujua ya kuwa kazi yake imeonekana.

Wanafunzi wapenzi, kabla ya Jumapili amkeni mapema mara moja, mkatazame jua linavyotoka. Kalamu na karatasi zatosha kwa mwanzo. Kioo kitangoja.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuandika herufi nzuri juu ya kadi. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.