Kila Skuli ya Pemba Iwe na Daftari la Kompyuta Zake

Hakuna mwalimu wa kemia atakayekubali mwanafunzi wake afanye jaribio bila ya kuandika alichokitia ndani ya chupa, kwa kiasi gani, na kilichotokea. Jaribio lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikufanyika. Lakini katika chumba cha kompyuta cha skuli hiyo hiyo majaribio mengi huweza kufanywa mwaka mzima pasi na kuandikwa hata mstari mmoja. Mashine huwekewa mfumo wa uendeshaji. Sauti hukataa kutoka, mtandao hukataa kushika. Mtu mmoja mwenye subira hupata dawa yake baada ya siku tatu za kuhangaika. Kisha mtu huyo huhamishiwa skuli nyingine, au humaliza masomo, na ujuzi wake huondoka naye. Anayemfuata huanza tena mwanzo.

Hasara hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na dawa yake si ghali. Ni daftari.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hiyo skuli yenye kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Pemba inaweza kujikuta na mashine nzima, zenye vioo vizuri na vibonye vyote, lakini ambazo mtengenezaji wa mfumo wake hazihesabu tena.

Njia mojawapo iliyo wazi ni programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mifumo kama Debian na Ubuntu, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, hailipiwi, na matoleo yake mepesi huendesha mashine za umri mkubwa. Hata hivyo, pana sharti moja ambalo wasifu wa programu huria aghalabu hulipita kwa haraka: si kila kifaa huoana na kila mfumo, na si kila toleo la mfumo huoana na kila mashine. Anayetaka kujua kama vitaoana hana budi ama ajaribu mwenyewe, ama asome maandishi ya aliyekwisha kujaribu.

Ujuzi wa wengi

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, alipowatangazia wenzake mfumo aliokuwa akiuandika, alitahadharisha kwamba huenda usiweze kamwe kutumia diski nyingine isipokuwa zile za aina ya AT, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Mfumo huo, ambao leo huendesha simu za Android na mitambo mikubwa ya hesabu, ulianza kwa kukifahamu kile tu kilichokuwa juu ya meza ya mtu mmoja. Ulikua kwa sababu watu wa nchi nyingi walieleza vifaa walivyokuwa navyo wao, wakaandika kilichokubali na kilichokataa, na wakaongeza vipande vya programu vilivyokosekana.

Wanapemba wanao mfano wa karibu zaidi. Nahodha anayeingia Wete hupita baina ya visiwa vidogo na miamba. Ramani ya bahari anayoitegemea haikutoka katika kichwa cha mtu mmoja aliyejua yote. Ni mkusanyiko wa vipimo vya bildi, kila kimoja kikiwa kimeandikwa pamoja na mahali pake na kina chake. Na katika ramani hiyo mwamba huwa na thamani sawa na mlango wa kupitia, maana anayeambiwa mahali chombo kitakapopasuka amepewa msaada mkubwa. Vivyo hivyo, mwalimu anayeandika kwamba mashine fulani ilikataa kabisa mfumo fulani amewaokolea wenzake siku nyingi za kazi.

Jina la kifaa na namba yake

Mwanafunzi huona jina la biashara lililobandikwa juu ya mashine, akadhani amekijua kifaa. Jina hilo halitoshi. Watengenezaji wanaweza kuuza kompyuta mbili zenye jina moja, hali kadi ya mtandao iliyomo ndani ya moja siyo iliyomo ndani ya nyingine. Utambulisho wa hakika ni namba. Kila kifaa cha aina ya PCI au USB kina namba mbili, kila moja ya tarakimu nne za mfumo wa hesabu wa kumi na sita: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Tarakimu nne za namna hiyo hutoa namba 65,536 tofauti. Kampuni ya Intel ilijichukulia namba 8086, kwa ukumbusho wa kichakataji chake cha mwaka 1978. Katika Linux, amri lspci -nn na lsusb huzitoa namba hizo zote kwa nukta chache.

Chukua kadi ya mtandao usio na waya yenye namba 14e4:4315, iliyotengenezwa na Broadcom na kutiwa katika kompyuta nyingi za mapajani. Ili ifanye kazi huhitaji programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Katika Debian kipo kifurushi cha kuileta, lakini programu hiyo haimo ndani ya kifurushi. Kifurushi huenda kuichota kwenye intaneti. Basi asiye na intaneti hutakiwa awe na intaneti ili apate intaneti, mithili ya mtu ambaye kamba ya ndoo yake imo ndani ya kisima. Mstari mmoja katika daftari, unaosema kwamba kadi hii iunganishwe kwanza kwa waya, humtoa mwalimu katika mzunguko huo.

Mfano wa pili ni wa baadhi ya kompyuta zenye kichakataji cha Pentium M. Kichakataji hicho kilikuwa na uwezo uitwao PAE, lakini hakikuutangaza. Mfumo ulipokiuliza ulipata jibu la hapana, ukakataa kuwekwa. Tangu toleo la Ubuntu la Aprili 2014, neno moja tu, forcepae, lililoandikwa wakati wa kuwasha, lilitosha kuondoa kizuizi. Asiyelijua neno hilo aliitupa mashine nzima.

Mfano wa tatu huonyesha kwa nini tarehe na toleo lazima viandikwe. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za kale za biti 32. Debian 12 inacho, na imepangiwa kutunzwa hadi Juni 2028. Anayeandika "Debian inafanya kazi" bila ya kutaja toleo ameandika kauli iliyo kweli leo na uongo kesho.

Sababu za Pemba yenyewe

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitasema kila kinachohitajika kisiwani. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Ndipo ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga na kukiunganisha kisiwa na gridi ya taifa. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini umeme bado hukatika, na hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu hula viungo vya shaba. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta, ya aina ya CR2032, ikifa, mashine huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Hapo kurasa salama za intaneti hukataa kufunguka, kwa kuwa hati zao zaonekana hazijaanza kutumika, na hata programu mpya zaweza kukataa kuwekwa. Mwalimu asiyejua hulaumu mtandao, au huulaumu mfumo wenyewe. Daftari la skuli lingemwambia atazame saa kwanza.

Hoja za wanaopinga

Watakuwapo wasemao kwamba habari zote hizi zimo katika intaneti. Ni kweli kwamba nyingi zimo, lakini zimetawanyika, ziko kwa Kiingereza, na kifaa kinachokataa mara nyingi ndicho hicho cha kufikia intaneti. Wengine watasema kwamba vifaa hubadilika upesi, hivyo maandishi huchakaa. Hiyo ni hoja ya kuandika tarehe, si hoja ya kutoandika. Tena, kompyuta ya skuli haibadilishwi kila mwaka. Hukaa hadi ikataliwe na kila fundi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mzigo wa mwalimu, ambaye tayari ana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha. Jibu lake ni kwamba kazi hii si lazima iwe yake. Ni kazi ya wanafunzi, tena ni somo zuri la sayansi: kuchunguza, kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kuandika matokeo kwa uaminifu, na kumpa mwingine ayarudie. Mwanafunzi aliyewahi kuzima kiendeshi kimoja na kuwasha kingine, akaandika tofauti aliyoiona, amejifunza maana ya jaribio lenye udhibiti hata kabla ya kulisoma kitabuni.

Lugha na mahali pa kuyaweka

Maandishi hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Asidhani mtu kwamba lugha haina maneno. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilidai kwanza itungwe orodha ya istilahi za kompyuta. Maneno yakikosekana, watumiaji wenyewe watayapata kwa kuyahitaji, kama mafundi wa magari walivyopata ya kwao.

Kila mashine ipewe ukurasa wake. Ukurasa huo utaje tarehe. Jina la mashine. Kichakataji, kumbukumbu na diski. Namba za vifaa vyake. Jina na toleo la mfumo, pamoja na toleo la kiini chake, ambalo amri uname -r hulionyesha. Kisha useme kimoja kimoja: kioo, sauti, mtandao wa waya, mtandao usio na waya, printa, na kulala na kuamka kwa mashine. Mwisho uandikwe usanidi uliofanywa, amri kwa amri, na yale yaliyoshindikana. Maneno ya siri yasiandikwe humo kamwe.

Mara moja kwa muhula nakala za kurasa hizo zipelekwe katika vituo vya walimu, Wingwi, Mitiulaya, Michakaini na Mizingani, ili skuli ya Micheweni isome yaliyoipata skuli ya Mkoani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye kampasi Pemba, kingeweza kuwapa wanafunzi wake wa kompyuta kazi ya kuzihakiki na kuzipanga. Na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kabla ya kupokea shehena nyingine ya msaada, ingeweza kumwuliza mtoaji swali ambalo daftari limemfundisha kuliuliza: namba za vifaa vilivyomo ni zipi, na ni mfumo gani uliokwisha kujaribiwa juu yake?

Nchi isiyo na viwanda vya kompyuta haichagui vifaa vinavyotengenezwa. Inaweza kuchagua kuvijua. Kazi ya kuvijua haihitaji mfadhili wala kungoja bajeti ijayo. Yahitaji kitabu cha mistari, kalamu, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayeweza kusoma tarakimu nne bila ya kukosea. Skuli yenye hata mashine tatu inaweza kuanza wiki hii.