Mwimbaji na Mali Yake

Kila mwenye kazi huijua mali yake. Mkulima huujua mpaka wa shamba lake, mvuvi huutambua wavu wake kati ya nyavu mia, na fundi cherehani haazimi mkasi wake bila kumtazama usoni anayeuazima. Mwimbaji peke yake, katika nchi yetu, amezoea kuishi bila kujua kilicho chake. Utamwona akitunga kwa majuma matatu, akikesha kwa mazoezi, akitoa akiba ya miezi kulipia chumba cha kurekodia. Kisha siku ya mwisho hutoka na furaha tele na mikono mitupu. Wimbo umebaki kwa mwingine. Insha hii imeandikwa kuipinga desturi hiyo. Inasema nawe, kijana msomaji, kwa kuwa huenda ukawa mwimbaji, au ndugu wa mwimbaji, au siku moja ukawa mtu wa kumwita mwimbaji katika sherehe yako.

Na tuchukue mtaa wa Karagita kuwa mfano. Karagita iko kando ya barabara ipitayo kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Wakazi wake wengi wametoka mbali kuja kufuata kazi katika mashamba ya maua. Watu wa makabila mengi wakipanga vyumba vya ukuta mmoja, nyimbo zao nazo huwa majirani: benga, mugithi, nyimbo za injili na za kizazi kipya husikika katika kichochoro kimoja. Mahali kama hapo hapakosi vijana ambao mchana hukata waridi na jioni huimba, wala hawana kampuni iliyowaajiri kwa kuimba kwao. Hao ndio waimbaji wa kujitegemea.

Kijana wa namna hiyo anaijua safari ya waridi. Hukatwa asubuhi, hutiwa katika chumba cha baridi, hupakiwa katika lori hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na siku chache baadaye huuzwa Uholanzi kwa mtu asiyejua hata jina la aliyelikata. Hiyo ndiyo biashara ya maua, na mkataji hupewa mshahara wake mwisho wa mwezi. Lakini wimbo wake ukisafiri namna hiyo hiyo, mshahara wenyewe haupo. Shambani kijana hatakubali kufanya kazi ya mwezi bila malipo. Katika uimbaji hukubali kazi ya mwaka mzima bila hata kuuliza.

Desturi hii ina watetezi wake, na si haki kuwapinga kabla ya kuwasikiliza. Husema hivi: "Mwimbaji wa Karagita ni nani hata aulize masharti? Maskini hana la kuchagua. Na ajulikane kwanza, fedha zitakuja nyuma. Akianza kudai karatasi na saini, mwenye studio atamwacha amchukue mwingine." Maneno haya yana chembe ya ukweli, ndiyo sababu yamepoteza wengi. Ni kweli kwamba waimbaji ni wengi. Ni kweli vilevile kwamba mwanafunzi wa kazi yoyote huanza kwa ujira mdogo. Lakini kupokea ujira mdogo ni jambo moja, na kutoa mali yenyewe ni jambo jingine. Mwenye shamba aliyeshikwa na njaa aweza kuuza mavuno ya mwaka kwa bei mbaya, na mwaka ujao akalima tena. Akiliuza shamba, watoto wake watafanya vibarua katika ardhi ya babu yao.

Wala si kweli kwamba fedha hulifuata jina daima. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda aliingia katika studio ya kampuni ya Gallo pamoja na wenzake, akaimba wimbo wake "Mbube". Haki ya wimbo huo aliitoa kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Huko Marekani ukageuzwa maneno, ukapewa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1961 ukashika nafasi ya kwanza kati ya nyimbo zote za nchi ile. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Wimbo haukufa naye. Uliendelea kuchuma, hata ukaingia katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Binti zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani, miaka 44 tangu baba yao azikwe. Je, wimbo huo haukujulikana? Ulijulikana duniani kote. Kujulikana kulikuwapo, haki haikuwapo.

Hapa kwetu tunao wimbo "Malaika". Fadhili William aliurekodi mjini Nairobi karibu na mwaka 1960, na baadaye Miriam Makeba na kundi la Boney M wakauimba mbele ya mataifa. Lakini uliza ni nani aliyeutunga, nawe utapata majibu zaidi ya moja. Wako wanaosema ni Fadhili mwenyewe, wako wanaomtaja Adam Salim, na wako wanaomtaja Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki hai. Sisi hatukai hapa kuwa mahakimu. Twasema tu kwamba karatasi moja yenye jina, tarehe na saini, iliyoandikwa siku wimbo ulipozaliwa, ingaliwapunguzia watu wengi uchungu wa miaka mingi.

Mfano wa upande wa pili ni Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu, aliyezaliwa mwaka 1939. Yeye hakutosheka na kuimba. Alifanya pia biashara ya muziki mjini Nairobi, akauza santuri katika duka lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake, aitwaye kwa jina la babu yake na ambaye ni mwanamuziki pia, amekuwa akizitoa upya nyimbo za mzee kwa njia ya intaneti, ili wasikilizaji wa leo wazinunue. Linganisha wazee hawa wawili. Wa kwanza aliwaachia watoto wake kesi. Wa pili alimwachia mjukuu wake kazi ya kuendeleza.

Basi mwimbaji ajue nini? Kwanza ajue kwamba katika kila wimbo uliorekodiwa mna mali mbili. Mali ya kwanza ni wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake. Hiyo ni ya mtunzi. Mali ya pili ni ile sauti iliyonaswa studioni. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humhesabu mwenye hiyo kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Ukilipa studio kwa fedha yako, na mkaandikiana hivyo, mali zote mbili ni zako. Ukirekodiwa "bure" na tajiri, yeye aweza kusema kwa haki kwamba sauti iliyonaswa ni yake. Huenda bure ile ikawa ndiyo bei kubwa kuliko zote.

Pili ajue hatari ya kazi ya kuagizwa. Mgombea wa kiti au mwenye duka akikuagiza umtungie wimbo, sheria hiyo huichukulia hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkipatana vingine. Kwa hiyo patana vingine, au taja bei ya mtu anayeuza moja kwa moja.

Tatu ajue nguvu ya kalamu. Sheria haikubali kwamba umemhamishia mtu hakimiliki yako isipokuwa kwa maandishi yenye saini yako au ya mtu uliyemruhusu. Hii ni ngao kubwa, lakini ni ngao yenye makali upande wa pili: saini moja uliyoitia bila kusoma, kwa haraka ya kutaka kuanza kuimba, yatosha kukuvua. Msomaji, wewe uliyekaa darasani miaka mingi una deni hapa. Mwimbaji wa mtaani kwenu asiyesoma vizuri anapoletewa karatasi, msomee. Msomee neno kwa neno, mwulize kama amefahamu, kisha mwache aamue mwenyewe.

Mambo ya kuandika si mengi. Andika nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga gitaa, na kila mmoja atapata fungu gani. Andika siku ile ya kwanza, wakati fungu lenyewe bado ni la kitu kisichokuwapo. Marafiki hugawana njaa kwa amani, hugombana wakigawana shibe. Kisha uandikishe wimbo katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki huzaliwa pamoja na wimbo hata usipoandikishwa, lakini cheti ni shahidi asiyesahau. Na ukitaka kujiunga na chama cha kukusanya mirabaha, uliza kwanza kama kina leseni ya Bodi hiyo kwa mwaka uliopo.

Tumesema juu ya studio. Tuseme sasa juu ya jukwaa, maana huko ndiko udhalimu unakocheka. Mwenye sherehe humwendea mwimbaji akamwambia, "Njoo utuimbie; hatuna fedha, lakini utajulikana." Mtu huyo huyo amelipa hema, amelipa viti, amelipa mpishi na mwenye vipaza sauti. Hakumwambia mpishi kwamba pilau yake itajulikana. Kwa nini basi sauti ya binadamu iwe rahisi kuliko kiti cha plastiki? Mwimbaji na ataje ujira wake kwa adabu, apokee sehemu yake kabla ya siku, na sehemu iliyobaki kabla ya kushuka jukwaani. Hili si kusema kwamba asiimbe bure kamwe. Jirani akifiwa, mwimbaji na aende akaimbe, wala asitaje fedha. Hiyo ni zawadi, na atoaye zawadi ni mwenye mali. Aliyenyang'anywa hawezi kusema ametoa.

Lakini sitawapendelea waimbaji. Adaiye haki na alete kazi. Wengi huingia studioni wimbo haujakomaa, wakajifunza maneno yao wakati saa ya kulipia inakwenda, halafu wakailaumu mashine. Siti binti Saad wa Zanzibar alianza maisha kwa kuuza vyungu. Akajifunza uimbaji, akaimba na wenzake miaka mingi mbele ya watu, na ndipo mwaka 1928 alipopelekwa Bombay kunaswa sauti yake katika santuri. Alifika huko akiwa mwimbaji kamili. Santuri haikumfundisha kuimba, ilimchukua alivyokuwa. Nawe fanya hivyo. Imba wimbo wako kwa kidole cha kupigia meza tu, bila ala. Usipopendeza hivyo, ala hazitauokoa. Uimbe mbele ya watu kumi wasio ndugu zako, utazame wanachoka wapi, upunguze hapo. Uingiapo studioni uwe umelala, umekunywa maji, na maneno yote yako kichwani.

Jukwaani nako kuna wajibu. Fika mapema ujaribu vipaza sauti, maana msikilizaji haulizi kama ni vyombo vilivyoharibika au ni wewe. Usifungue midomo mbele ya watu huku sauti iliyorekodiwa ikikuimbia. Waliolipa wamekuja kukusikia wewe, na santuri wanayo nyumbani. Timiza saa uliyoahidi. Na zaidi ya yote, usichukue sauti wala mapigo ya mwenzako bila idhini. Mwimbaji anayelia kwamba ameibiwa, na wimbo anaolilia una kipande alichokiiba, amejifungia mlango wa mahakama na mlango wa huruma.

Watasema tena, "Mwimbaji mmoja akidai haya atakosa kazi." Ndiyo, mmoja aweza kukosa. Ndiyo maana wasidai mmoja mmoja. Wafanyakazi wa maua wanajua kwamba neno la mtu mmoja hutupwa na neno la wengi husikilizwa. Kwa hiyo wana vyama vyao. Waimbaji wa mtaa mmoja wakikubaliana kwamba hakuna aimbaye katika sherehe ya kulipiwa kwa malipo ya sifa, wala hakuna atiaye saini karatasi isiyosomwa mbele ya mwenzake, mwenye sherehe atamkimbilia nani? Hatakosa kulipa, kama anavyolipa viti.

Kijana, simu iliyo mfukoni mwako yaweza leo kuupeleka wimbo wa Karagita London na Muscat kabla chai haijapoa. Njia imekuwa fupi kuliko katika siku za Linda na Siti. Lakini njia fupi humfikisha upesi mwizi na mwenye mali vilevile; fedha za wimbo humwendea yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa mwenyewe. Tunga, fanya mazoezi, andika jina lako, ndipo uimbe. Ukifuata mpangilio huo, wimbo wako utakwenda utakako ukiwa bado ni wako. Ukianza kwa kuimba na kuliacha jina liandikwe na wengine, usishangae siku moja kuusikia wimbo wako redioni ukimsifu mtu usiyemjua.